Mama, Mkwe na Magari Mawili ya Lupingu

Nimechoka kusimulia. Tangu turudi, kila anayeingia mgahawani kwangu hapa Makambako anaagiza chai, anavuta kiti, halafu anasema, "Mama Tumsifu, hebu tupe ile ya Lupingu." Nami kwa kupenda kusema naacha chapati kwenye chuma, zinaungua. Kwa hiyo nimeandika. Atakayetaka asome, aniache nipike.

Mambo ya bei na karatasi nayaruka, yanachosha. Jueni hili tu. Mama yangu mzazi anaishi nasi. Kwao ni Lupingu, kule chini kabisa ziwani, na ndugu aliyebaki naye duniani ni dada yake mmoja, Mama Mkubwa Filomena. Tangu Mama avunjike nyonga hawajaonana. Basi la abiria hawezi kupanda, na simu za Lupingu mnazijua, mtu anakatika katikati ya salamu. Mwaka huu Mama akaniambia, "Mwanangu, nisipofika safari hii, mtanipeleka nikiwa sisemi." Niliingia jikoni nikalia kidogo, kisha nikamwambia mume wangu tununue gari.

Mzee Damasi wa Njombe, rafiki wa marehemu baba, alikuwa na magari mawili, yote ya zamani, na alitaka kubaki na moja. Moja ni gari la juu, lile la kukanyaga mawe, lina gia za mkono na milango inayolia. La pili ni gari la chini, refu na jeusi, la aina waliyokuwa wakipanda wakubwa enzi zao, otomatiki, na kiti chake cha nyuma ni kama sofa. Kila gari likapata wakili wake. Mimi nilisimama na la juu. Mume wangu, Baba Tumsifu, ambaye ni mwalimu na hawezi gia za mkono hata kidogo, alisimama na la chini. Tulibishana mpaka Mzee Damasi akachoka.

"Gari haichumbiwi kwa picha," akasema. "Nendeni nazo zote mpaka Lupingu. Mtakayoipenda mbaki nayo, nyingine mnirudishie. Mimi siku hizi sivuki kanisani, yoyote itanifaa."

Makambako hadi Njombe: mkwe haambiwi

Asubuhi ya kuondoka, majirani walitoka kama kuna harusi. Mama alivaa kitenge kipya, sweta mbili na kilemba cha Krismasi. Alilitazama gari la juu toka chini hadi paa. "Hili ndilo mnataka niliparamie?" Akaenda kwenye la chini, akakaa kwanza, miguu ikafuata, akaegemea. "Hapa ni kitandani," akasema. Baba Tumsifu alinitazama kwa tabasamu ambalo nilitamani kulifuta kwa mwiko.

Mizigo yote tuliitia kwenye buti la gari la chini, maana buti lile lingeweza kumeza duka. Mtu wa Njombe haendi ugenini mikono mitupu, tena ugenini kwenyewe ziwani ambako kiazi ni cha kutamaniwa. Tukaweka viazi, maharage, parachichi na majani ya chai. Gari likakaa mkia chini, pua juu, kama bata anayetaka kuruka. Kwenye tuta la kwanza tu lilikwaruza tumbo hadi meno yangu yakauma, nami nilikuwa kwenye gari la nyuma. Mimi huko nyuma nilikuwa mtupu, na gari la juu likiwa tupu ni adhabu. Linaruka lenyewe. Nilicheka peke yangu njia nzima, kichwa kikigonga paa.

Sasa, kwa msiojua mila zetu. Mama na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono, hawali meza moja, na Mama hamwambii neno moja kwa moja, anapitishia kwangu au kwa watoto. Nyumbani jambo hilo hata halionekani, maana sisi wengine tumejaa humo. Lakini watoto wako shule, na mle garini walikuwa wawili tu. Hakuna aliyefikiria hilo, hata mimi mwenye mdomo.

Hatujafika mbali, simu ikalia. Nikaibana kwenye kilemba.

"Mwanangu, uko wapi?" Mama alikuwa ananong'ona.

"Nyuma yenu, Mama."

"Mwambie mkwe asimame. Nataka kuchimba dawa."

"Si uko naye humo?"

"Sasa nitamwambiaje mimi?"

Nikampigia Baba Tumsifu. Hapokei. Yeye ni mwalimu, anaposhika usukani hashiki kitu kingine. Nikapiga honi, nikawasha taa, nikaongeza mwendo ili nimpite nimzuie. Jamani! Akadhani namwonyesha nguvu ya gari langu. Akakanyaga mafuta. Na ukweli nitausema ingawa unaniuma: kwenye lami, lile gari la chini linapaa. Lilinyooka kama uzi, nami nyuma yake milango inalia, honi inalia, simu inalia.

"Mwanangu, anakimbia!"

"Nakuja, Mama!"

"Usije! Ukija anakimbia zaidi!"

Aliyetuokoa ni lori la mbao lililokuwa likipanda kilima taratibu, hakuna pa kulipita. Baba Tumsifu akapunguza, mimi nikampita kwenye majani ya pembeni, nikasimama mbele yake. Mama alishuka mwenyewe bila msaada, nyonga na yote, akaingia kwenye mipaini. Aliporudi aliniambia, kwa sauti ya kusikika na yule mwingine, "Gari ni zuri. Dereva wake ndiye haambiliki." Baba Tumsifu alikuwa amesimama ameangalia upande wa pili, masikio yamekuwa mekundu.

Njombe hadi Lusitu: ukungu

Njombe tulihamisha viazi na maharage kwenda gari la juu, kwa sababu tumbo la lile jingine lilikuwa limeanza kunukia chuma. Na hapo nikapata somo langu la gari. Gari la juu ukilitwisha mzigo linatulia kabisa, linatembea kama mjamzito. La chini nalo likapumua, likainuka mkia. Kumbe tulikuwa tumeyapakia kinyume. Nilifurahi nikaimba pambio zote ninazozijua.

Lusitu ukungu ukatufunga. Huoni hata bampa yako. Malori yalikuwa yamesimama pembeni na watu wanachoma mahindi, nasi tukasimama. Gari la chini lina hita nzima, ndani ni kama jikoni. La juu hita ilikufa zamani, na mlango wa nyuma unapitisha upepo. Mnadhani Baba Tumsifu alikaa wapi? Alikuja kwangu, anatetemeka, mikono kwapani.

"Rudi kwenye joto lako," nikamwambia.

"Siwezi. Gari likisimama, ule ukimya unazidi."

Basi Mama alikuwa peke yake kwenye joto, amelala fofofo, na sisi wawili tumejifunika gunia tupu, tunagawana hindi moja. Dereva mmoja wa lori akaja kututazama dirishani. Akauliza magari haya ni ya nani, tukamweleza. Wenzake wakaja. Pakazuka mkutano. Nusu walisema la juu, nusu la chini, mmoja akasema tuuze yote tununue ng'ombe. Ukungu ulipoinuka bado walikuwa wanabishana, na sisi tuliondoka bila hata kuaga.

Zege ya Mawengi: dereva mwenye adabu

Ile barabara ya zege inapinda na kupinda tena, bonde upande huu, mlima upande ule. Baba Tumsifu aliendesha vizuri, nikiri. Tulikubaliana Mama akitaka kusimama atoe kitambaa dirishani nami nitapiga honi mara moja ndefu. Alikitoa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nadhani alikuwa anapenda kuona msafara unatii.

Mawengi tukala kwa mama mmoja mnene mcheshi, wali maharage na mboga ya maboga. Yule mama alimwona Baba Tumsifu akifungua mlango, akirudi nyuma hatua kadhaa, macho chini, anasubiri Mama ashuke na apite. Akaja na sahani tatu, mbili akaweka mezani, ya tatu akaipeleka nje kwenye benchi.

"Dereva wenu nimempa kule," akaniambia. "Ana adabu kijana yule! Madereva wa siku hizi wanakaa na mabosi. Mmempata wapi?"

"Sikumbuki vizuri," nikasema. "Ila nimemzalia watoto watatu."

Mama alipaliwa na maharage. Yule mama mnene alikimbia jikoni kwa aibu akarudi na nyama ambayo hatukuagiza. Baba Tumsifu huko nje alikuwa anakula kwa raha zake, na alipoelezwa alisema hajawahi kuhudumiwa vizuri hivyo akiwa mwalimu.

Ludewa: moja linabaki

Tulilala Ludewa. Asubuhi kila tuliyemwuliza njia ya Lupingu alilitazama gari la chini, kisha akatutazama sisi kwa huruma. Baba Tumsifu hakuamini. "Acha nijaribu kidogo," akasema. Tulimshusha Mama kwanza. Alijaribu kidogo kweli. Penye mteremko wa mwanzo tukasikia *kwaa!*, gari likakaa juu ya jiwe kama kuku anayeatamia, matairi ya mbele yanatafuta ardhi. Vijana wa pale wakalisukuma kurudi. Halikuumia, ila wakili wake aliumia. Tukaliacha kwenye ua wa nyumba tuliyolala.

Sasa ikabaki kumpandisha Mama kwenye la juu, na hapo sikucheka tena. Ngazi yake ni ya mtu mwenye magoti ya kitoto. Mimi peke yangu sina nguvu hizo, mwanamume aliyepo ni mkwe, na mkwe hagusi. Mama alishika mlango, akainua mguu, ukashindwa. Akajaribu mwingine, akaguna kwa maumivu. Akasimama ameinamisha kichwa. "Labda ndiyo imefika mwisho hapa," akasema taratibu.

Walikuwepo wanawake wawili na mabeseni yao, wanasubiri chochote kinachoshuka Lupingu. Mmoja akasema, "Dada, mtatubeba?"

"Mkimbeba yeye, nawabeba ninyi."

Wakateremsha gunia la viazi, wakalilaza chini likawa kidato cha kukanyagia, mmoja akashika kiuno, mwingine miguu, mimi nikavuta toka ndani. Mama akapaa! Wale wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Baba Tumsifu muda wote huo alikuwa amegeukia mlimani kama mtu anayesoma mawe.

Kushuka

Mama mbele pamoja nami, Baba Tumsifu nyuma juu ya viazi, kati ya mabeseni. Nikatia gia ya kwanza na sikuitoa. Njia ile haielezeki. Ni ngazi za mawe, halafu korongo, halafu mawe tena. Gari la juu lilikuwa nyumbani kwake. Liliweka mguu mmoja mmoja, likafikiri, likaweka mwingine. Nililipenda hadi nikalipigapiga kwenye dashibodi.

Lakini Mama alikuwa anaumia. Kila jiwe alifumba macho. Nikasimama.

"Mama, turudi?"

"Rudi wewe. Mimi nashuka."

Toka nyuma, Baba Tumsifu akasema, "Mwambie Mama aegemee upande wa kulia, uzito utoke kwenye nyonga."

Nikamwambia Mama aegemee upande wa kulia. Mama akaniambia nimwambie mkwe ahsante. Nikamwambia mkwe ahsante. Wale wanawake wawili walicheka hadi beseni likapinduka, dagaa waliokosa mnunuzi sokoni wakatawanyika juu ya mume wangu.

Kisha tukapinda kona na ziwa likaja lote, bluu toka huku hadi milima ya ng'ambo. Toka kwenye kile kiti cha juu Mama aliliona kabla yetu sote. Alishika mkono wangu uliokuwa kwenye gia, akaubana, na machozi yakamtoka huku anacheka. Halafu akaanza kutaja: pale tulikuwa tunalima mihogo, pale alizaliwa Filomena, pale mjomba aliangukiwa na mzinga wa nyuki. Hakufumba macho tena.

Lupingu: aliyekwisha kuaga

Mama Mkubwa Filomena alikuwa amekaa mlangoni, amevaa viatu, juu ya mafurushi yake. Kikapu cha samaki wakavu kimefungwa kamba. Walipokumbatiana wale wawili, sikuona nani ni nani. Walilia, wakacheka, wakapigana makofi ya mgongo. Ndipo Mama Mkubwa akasema, "Mmechelewa. Tuondoke."

"Tuondoke wapi?" Mama akauliza. "Nimekuja kukaa!"

"Si ulisema unakuja na gari?"

Kumbe simu ilikuwa imekatika hapohapo. Mama alisema anakuja na gari, Mama Mkubwa akaelewa gari linamfuata yeye. Akafunga mizigo, akagawa kuku wake, akaaga kijiji kizima, kigango chote cha kanisa kikamwombea safari. Tulimwambia aahirishe, akakataa. "Nimeshaaga! Nikionekana kisimani kesho nitasemaje?"

Tukakubaliana. Tutakaa siku chache, kisha tupande naye. Lakini siku zote hizo Mama Mkubwa alijificha ndani kwa aibu ya kuonekana, na Mama akajificha naye ili wazungumze. Sisi wawili tulikaa nje tukala mbasa wa ziwani wa kuchoma na ugali wa muhogo, na kila aliyepita akituuliza habari za Filomena, Baba Tumsifu alijibu kwa uso mkavu kwamba alisafiri salama. Ndani ya nyumba tulisikia mtu akijiziba mdomo kwa kanga.

Kurudi

Kupanda tulipanda wanne, wazee wamebanana kiti cha nyuma, wanameza maneno kwa ajili ya mkwe. Tulipofika Ludewa, gari la chini lilikuwa linatusubiri, safi, limeoshwa na watu wema. Baba Tumsifu alifungua mlango wa ile sofa kama mfalme. Mama alikuwa amechakaa kwa mawe, nyonga imevimba. Akaingia, akaegemea, akafumba macho kwa raha. "Filomena, njoo. Huku ni kitandani."

Mama Mkubwa akachungulia, akamwona Baba Tumsifu kwenye usukani. Akarudi nyuma.

"Mkwe wako ni mkwe wangu," akasema. "Nina maneno ya miaka yote hii tumboni, halafu niende nikayameze nyuma ya mkwe? Mimi ni huku juu, na huyu binti."

Hakubadilika. Akapandishwa, akakaa mbele nami. Basi tukaondoka hivyo, la chini mbele na Mama, la juu nyuma na dada yake. Kila kwenye kona tuliona mkono wa Mama umetoka dirishani unapunga, na Mama Mkubwa anapunga kwa kanga. Mwanzoni nilicheka. Baadaye sikuweza kucheka. Nilifikiri, wamengoja kuonana tangu nyonga ile, na sasa wanapungiana kama watu walioachana stendi. Lakini nikikumbuka yale mawe na nyonga yake, sikumlaumu. Gari la kumfaa Mama lilikuwa lile, na mimi nilikuwa tayari kushindwa.

Tulipokaribia Mawengi, gari la chini likasimama ghafla katikati ya zege, bila kitambaa, bila simu. Baba Tumsifu akashuka, macho yamemtoka.

"Amesema nami," akaniambia. "Mwenyewe. Amesema, 'Baba, simama.'"

Mama alikuwa ameshafungua mlango wake. Alikuja kwa mkongojo wake, polepole, pembeni ya barabara, uso umekunjamana kwa maumivu lakini haangalii chini. Akafika kwenye gari la juu, akaweka mkono kwenye mlango wa nyuma.

"Nipandisheni," akasema. "Sikushuka milima yote ile ili nimpungie dada yangu mkono dirishani."

Tukamsukuma, tukamvuta, akapiga kelele mara moja, akaingia. Mama Mkubwa akahama toka mbele kwa kuparamia kiti, akamwangukia. Kabla sijatia gia walikuwa wanazungumza, wote kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Baba Tumsifu aliendesha sofa lake tupu hadi Njombe, na pale kwa Mzee Damasi alikabidhi funguo mwenyewe bila kuulizwa.

Nyumbani Makambako tulifika mchana. Nilizima gari, nikafungua mlango wa nyuma, nikawaambia karibuni tushuke. Mama akanipungia nitulie, hadithi ilikuwa katikati. Nikasubiri. Ikaanza nyingine. Baba Tumsifu akateremsha mizigo yote, akanitazama, akaingia ndani kuwasha moto. Chai yao niliwapelekea garini.